Umeandikiwa deni la paking ambalo si lako? Usikimbilie kulipa

Msimu wa korosho umepamba moto, nipo zangu Mtwara mjini, nachungulia kwenye simu deni la kigari changu nakuta nadaiwa paking ya siku tatu na faini ya kuchelewa juu yake, halmashauri moja ya huku huku kusini siitaji, na siku hizo tatu gari lipo juu ya mawe gereji, gia boksi imeshushwa chini. Dogo wa maegesho alikosea herufi moja tu, penye D akaweka B, basi nikabebeshwa mzigo wa mtu.

Usifanye nilichofanya mimi, kwenda kumfokea yule dogo. Hana uwezo wa kufuta kitu, akishaingiza kwenye kimashine chake cha posi imeenda hiyo, utamaliza sauti bure na mama lishe wanakutazama. Muombe kistaarabu akuonyeshe namba ya gari aliyoandika, tarehe, saa na sehemu, halafu piga picha skrini. Kesi yako yote imekaa kwenye hivyo vitu vinne.

Na usilipe eti ili yaishe. Ile kontrol namba ya tarakimu 12 ukishailipia hela imeingia serikalini, kuitoa huko ni sawa na safari ya Mtwara Dar enzi zile kipande cha barabara cha Ndundu Somanga hakina lami.

Sasa hapa ndio wengi wanaliwa: karatasi ya kufifilisha kosa. Sheria ndogo nyingi za halmashauri zinaruhusu Mkurugenzi akutoze faini yaishe bila kwenda mahakamani, ila sharti ukiri kosa kwa maandishi. Utaambiwa "saini hapa kaka uwahi zako", unasaini, kumbe umeshakiri. Soma kwanza, ukiona neno nakiri rudisha kalamu.

Ushahidi tafuta siku hiyo hiyo. Risiti ya EFD ya sheli ina tarehe na saa, kama ulijaza mafuta Masasi saa nne huwezi kuwa umepaki Lindi saa nne na nusu. Mimi nilibeba karatasi ya fundi yenye mhuri wa gereji na picha za gari halina gia boksi. Kama ulilipa na bado unadaiwa, ile meseji ya malipo usiifute. Kama shida ni bango, yaani hapakuwa na alama yoyote, piga picha ya mbali ionyeshe mtaa mzima, ukipiga tairi tu watasema bango lilikuwa pembeni.

Halafu barua, kwa Mkurugenzi, ukurasa mmoja, bila matusi. Kichwa changu kilikuwa YAH: KUOMBA KUFUTIWA DENI LA MAEGESHO LISILO LANGU, chini namba ya gari, zile tarehe, na viambatanisho. Toa kopi mbili, peleka masjala, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe uondoke nayo. Dada wa masjala aliniambia "acha tu mjomba tutaiona", nikakaa kwenye benchi mpaka ikagongwa. Wiki ikipita kimya rudi na ile kopi, ulizia kwa mweka hazina au mwanasheria wa halmashauri, ikigoma kabisa mfuate diwani wako.

Akitokea mtu anakwambia tumalizane nje, TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ni 113, bure.

Kuishtaki halmashauri kunataka notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa humo, kwa elfu kadhaa za paking utakuwa unajitesa. Ila wakikushtaki wao kwa kosa la sheria ndogo, nenda, sema si kweli, kazi ya kuthibitisha ni yao.

Langu lilifutwa baada ya kurudi mara tatu. Yule dogo siku hizi nikipaki tu anaisoma namba kwa sauti huku anabonyeza, "D ya dada, eti mjomba?"