Simu yako inashika bendi gani? Namna ya kujua, na namna ya kufuatilia minara ya mtaani kwako

Mdogo wangu aliletewa simu kutoka Marekani, simu safi kabisa, kioo hakina mkwaruzo, betri inakaa. Akiwa mjini Mombasa inashika 4G vizuri tu, alafu akienda kwa bibi huko Kinango inaanguka inakuwa E (mtandao wa zamani wa polepole), na kasimu ka bibi ka bei ya chini kako na 4G palepale kwenye mkeka. Kila mtu akasema laini imeharibika, akabadilisha laini mara mbili. Laini haikuwa na neno, ni simu ilikuwa haina bendi 20, basi.

Mambo yenyewe ni hivi. Mtandao wa simu unapita kwenye masafa ya redio, na masafa yamekatwakatwa vipande vinavyoitwa bendi, kila bendi na namba yake, na namba hizo ni zilezile dunia nzima. Kinachotofautiana ni nchi gani inatumia zipi. Hapa Kenya 4G utaikuta sana kwenye bendi 3, ambayo ni 1800 MHz, na bendi 20, ambayo ni 800. Marekani wao wako na 2, 4, 12, 13, 66, 71, na simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa na makampuni ya mtandao ya kule zimejazwa hizo za kwao tu. Sasa masafa ya chini kama 700 na 800 yanafika mbali na yanapenya ukuta, kwa hivyo huko mashambani ambako minara iko mbalimbali hizo ndio zinabeba watu. Mjini huwezi kugundua shida manake mnara uko kila kona, 1800 inatosha. Hata Mji wa Kale, zile nyumba za kuta nene za mawe, ukiingia chumba cha ndani utaona simu yenyewe inahama kutoka bendi 3 kwenda 20.

Mimi neno bendi nililijua vizuri wakati Faiba, kampuni ya mtandao ya hapa Kenya, walipoleta 4G yao Desemba 2017. Walitumia 700 MHz, bendi 28, na hawakuwa na 2G wala 3G ya kurudia nyuma, kwa hivyo simu isiyo na bendi 28 ilikuwa haionyeshi chochote, na hata ukiwa na bendi yenyewe, kupiga simu ya kawaida kulitaka VoLTE (kupiga simu kupitia 4G yenyewe) iwe inakubali kwenye hiyo simu. Hayo ni mambo mawili tofauti na watu bado huyachanganya mpaka leo.

Kwa hivyo kabla hujatoa pesa, anza na modeli. Sio jina la simu, modeli. Ingia kwenye setingi, sehemu ya kuhusu simu, utaona herufi na namba. Mfano Galaxy S7: SM-G930F ni ya kimataifa, SM-G930V ni ya Verizon, SM-G930T ni ya T-Mobile. Jina moja, sanduku moja, redio tofauti. iPhone 5 pia ilikuwa hivyo, A1428 na A1429 ni simu mbili tofauti ukifika kwenye bendi. Chukua hiyo modeli kamili uitafute kwenye tovuti ya GSMArena na usome orodha ya bendi, usikubali muuzaji akikwambia "hii inashika 4G zote".

Sasa upande wa mnara, na hapa ndipo kuna utamu. Kufungua menyu ya siri ya mtandao, andika pale pa kupigia simu: kwenye Android jaribu *#*#4636#*#*, kwenye Samsung *#0011#, kwenye iPhone ni *3001#12345#* alafu unabonyeza kupiga. Sio kila simu inafungua hio ya kwanza, ikikataa weka programu ya NetMonster ama CellMapper, na uwashe lokesheni manake Android haitoi habari za mnara kama lokesheni imezimwa, wengi hudhani programu ni mbovu kumbe ni hapo tu.

Tafuta namba iliyoandikwa EARFCN. Hio ndio namba ya chaneli na inakuambia kila kitu. Ikiwa kati ya 1200 na 1949 uko bendi 3. 6150 mpaka 6449 ni bendi 20. 9210 mpaka 9659 ni bendi 28. 0 mpaka 599 ni bendi 1, yaani 2100. Ukitaka masafa yenyewe, toa namba ya mwanzo wa bendi, zidisha kwa 0.1, jumlisha na mahali bendi inapoanzia. Tuseme umeona 1300: 1300 toa 1200 ni 100, mara 0.1 ni 10, bendi 3 inaanza 1805, kwa hivyo mnara unakurushia kwenye 1815 MHz. Ukishazoea unafanya kichwani ukiwa kwenye matatu.

Usiangalie mara moja ukaamua. Simu ikiwa imetulia inaweza kulala kwenye bendi moja, ukianza kushusha video inahamishwa nyingine, so angalia hali zote mbili.

Alafu kuna kitambulisho cha mnara. Chukua ile namba ndefu ya seli ya 4G ugawanye kwa 256. Tuseme ni 2561026: unapata 10004 na baki 2. 10004 ndio mnara, 2 ni upande wa mnara ulioelekea kwako. Zunguka mtaani utaona baki inabadilika na namba ya mnara inabaki ileile, hapo unajua unauzunguka mnara mmoja. Simu yako ikionyesha TA (kipimo cha umbali wako na mnara), kila hatua moja kwenye 4G ni kama mita 78, kwa hivyo TA 10 ni karibu mita 780 kutoka kwenye mnara. Chukua TA sehemu tatu, chora miduara mitatu kwenye ramani, mnara uko pale inapokutana. Mimi hapo ndipo niliposhikwa na huu mchezo kabisa.

Ukiufikia, inua macho. Antena ndefu nyembamba kama ubao wa karibu mita mbili mara nyingi zina bendi za chini ndani yake. Kisanduku kifupi kipana bapa, mara nyingi ni 5G. Yale madishi ya mviringo kama ngoma hayaongei na simu yako, yanapeleka data mnara kwa mnara. Tazama ukiwa nje ya uzio, usipande, na karibu na kambi ya jeshi au uwanja wa ndege usipige picha hata moja.

Kwenye daftari andika tarehe, mahali, namba ya utambulisho wa mtandao (Safaricom ni 639-02, Airtel ni 639-03, Faiba ni 639-10), EARFCN, mnara, upande, na RSRP, yaani nguvu ya mawimbi unayopokea. RSRP ya -80 ni nzuri, ikishuka chini ya -110 unateseka. Ukirudi baada ya miezi miwili ukakuta EARFCN mpya kwenye mnara uleule, wameongeza bendi, na utakuwa umejua kabla hawajatangaza.

Na kwenye menyu ya 4636 kuna sehemu ya kulazimisha LTE, yaani 4G, peke yake. Itumie kupima, lakini ukimaliza rudisha, manake simu isiyo na VoLTE ikiwa hapo watu wakikupigia hawakupati.