Kupandisha ghorofa Kariakoo bila kuwatawanya wapangaji

Nyumba ya Kiswahili huwa na vyumba 6, vitatu kila upande wa ukumbi, baraza mbele na uani nyuma. Ikivunjwa, kaya zote hutawanyika pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, na mama lishe wa barazani hupoteza chumba pamoja na wateja.

Kabla ya kuchora, orodhesha kila mpangaji, chumba chake, kodi anayolipa na biashara anayofanya pale. Orodha isainiwe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ikitaja chumba atakachorudi na kodi yake. Ahadi ya mdomo hufa kiwanja kikiuzwa.

Unganisheni viwanja viwili vinavyopakana, mjenge kwa zamu. Kaya 6 za nyumba ya kwanza mwenye nyumba azilipie kodi mtaa uleule, watoto wasihame shule. Jengo la kwanza likiisha, kaya zote 12 zinaingia, ndipo nyumba ya pili ivunjwe. Magomeni Kota, makazi mengine ya Dar es Salaam yaliyovunjwa, kaya 644 zilipata nyumba mpya mwaka 2022, ila baada ya miaka mingi ya kusubiri nje. Zamu ndiyo inayofupisha kungoja huko.

Hatari kubwa iko kwenye msingi. Nyumba ya pili bado ina watu, na kuta zake huenda ni za miti na udongo. Ukichimba mtaro mzima kwa siku moja, udongo hulegea na ukuta hulala. Kando ya ukuta wa jirani chimba vipande vya mita 1, ukiruka kimoja kimoja. Mwaga zege, likaze, ndipo urudi kwenye vilivyobaki.

Sakafu ya chini weka fremu nyembamba za biashara, upana mita 2.5, na baraza ya kina cha mita 1.2. Fremu moja kubwa itachukuliwa na muuza jumla. Wapangaji wa zamani wakae ghorofa ya 1 na ya 2; vyumba vya juu vipangishwe kwa bei ya soko, vilipe ujenzi. Ishia ghorofa ya 3, maana lifti huleta ada ya kila mwezi, na ada hiyo humfukuza mtu hata kodi isipopanda.

Kila ghorofa iwe na uani wake, wenye ukuta wa matofali ya matundu. Watu wanapika kwa mkaa. Jiko la ndani lisilopitisha hewa huua.

Maji ya wapangaji wa zamani: kaya 12 za watu 3 ni watu 36, na kwa lita 40 kila mmoja ni lita 1,440 kwa siku, hivyo weka tangi la lita 3,000. Umeme, kila chumba na LUKU yake, yaani mita ya kulipia kabla.