Uvimbe wa mate shingoni mwa mbwa: usikimbilie kutumbua

Mbwa wa lindo akiletwa na uvimbe laini chini ya taya, na ukiuminya hashtuki, shuku mate yaliyovuja. Mara nyingi ni tezi ya mate ya chini ya ulimi au mrija wake uliopasuka: mate hujikusanya chini ya ngozi, mwili ukayazungushia ukuta. Ukuta huo hautengenezi mate, kwa hiyo kuukata peke yake ni kazi bure.

Jipu huwa na joto, huuma, na aghalabu huja na homa. Hapa Malindi, penye mabaki ya samaki kila uchochoro, chungulia kooni pia kama kuna mwiba uliokwama. Kisha nyoa, safisha kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), vuta majimaji kwa sindano ya geji 18 (kipimo cha unene wa sindano). Nyembamba zaidi huziba. Ukipata majimaji yanayovutika kama mlenda, rangi ya asali au yenye damu kidogo, ndiyo mate. Usivute tena na tena: mfuko hujaa upya, na kila tundu hukaribisha vijidudu.

Uvimbe ukiwa katikati, mlaze mbwa chali. Kwa kawaida huangukia upande ulikotoka. Inua na ulimi, uone kama mate yamejikusanya chini yake.

Siku ya upasuaji, mpasue asubuhi kabla ya jua kali. Akiwa kwenye nusukaputi, mlaze ubavu, uibane vena ya shingo kwa chini ijae. Inapogawanyika panda, nyuma ya pembe ya taya, ndipo ilipo tezi ya mate ya taya. Wengi hukosea hapa, wakatoa tezi ya limfu iliyo jirani. Pasua ganda lake, funga ateri yake, lakini usiishie hapo: tezi ya chini ya ulimi imeshikamana nayo, na zote mbili lazima zitoke. Zivute polepole kuelekea mbele, chini ya msuli wa digastriki (unaofungua taya), hadi uone neva ya ulimi. Iache salama, funga mrija kwa uzi unaoyeyuka wa unene wa 3-0, ndipo ukate. Ukikata mapema, vipande vya tezi hubaki na uvimbe hurudi.

Kamua mfuko, uweke mpira wa kutolea maji kwa siku chache. Ufunike kwa bandeji isiyobana, ibadilishwe kila siku; nzi wa pwani hawachelewi kutaga. Nyuzi za ngozi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Mwenye mbwa akihofia kinywa kukauka, mtulize: tezi zilizobaki zinatosha, hata ukitoa za pande zote mbili.