Kuipa nembo kongwe sura mpya bila kupoteza wateja

Mteja wa soko la Majengo, Dodoma, hasomi mfuko wa unga kabla ya kuunyooshea kidole. Anatafuta rangi na mchoro aliouzoea. Kwa hiyo, iwe ni unga wa Kibaigwa au mafuta ya alizeti ya Dodoma mjini, anza kwa kujua kisichoguswa.

Kusanya kila chenye nembo hiyo: lebo, viroba vya kilo 5, 10 na 25, muhuri, ubavu wa lori, kuta zilizochorwa. Mara nyingi utakuta nembo tatu au nne zinazotofautiana, maana kila mchoraji alinakili kwa macho. Kisha wape watu kama 20, wanunuzi na wenye maduka, karatasi na kalamu, wauchore mfuko kwa kumbukumbu. Kinachojirudia, labda jogoo au utepe mwekundu wa chini, ndicho mtaji wa jina hilo. Kibaki. Mwaka 2009 huko Marekani, kampuni ya juisi ya machungwa ya Tropicana iliondoa kwenye boksi lake chungwa lililochomekwa mrija. Mauzo yakashuka kwa takriban asilimia 20 ndani ya miezi miwili, ikalirudisha boksi la zamani.

Nembo ichorwe upya kwa vekta, yaani mchoro wa kompyuta unaokuzwa au kupunguzwa bila kufifia, si kwa picha ya simu iliyokuzwa. Ipunguze hadi upana wa sentimita 2. Kisichoonekana vizuri hapo kirahisishwe. Kwenye kiroba kilichofumwa wino hutambaa juu ya nyuzi, hivyo mistari iliyo chini ya milimita 1 huziba au hukatika. Andaa pia nembo ya rangi moja kwa ajili ya muhuri na risiti.

Rangi ndiyo inayowaponza wengi. Usiichukue kwenye bango la nje: jua la Dodoma hupausha nyekundu na njano mapema kuliko bluu na nyeusi. Tafuta mfuko uliokaa gizani ghalani, ulinganishe na kitabu cha Pantone, chenye sampuli za rangi zilizopewa namba, na namba utakayoipata mpe kila mchapaji. Kamwe usiidhinishe rangi kwenye skrini ya simu. Dai sampuli iliyochapwa kwenye kiroba chenyewe.

Msimbopau wa EAN-13, ule wa tarakimu 13 unaosomwa dukani, una ukubwa wa kawaida wa milimita 37.29 kwa 25.93, na usipungue chini ya asilimia 80 ya hapo. Mistari yake isiwe myekundu hata kama nembo ni nyekundu: skana humulika mwanga mwekundu, kwake mistari hiyo ni sawa na nyeupe.

Kabla ya kuchapa, pita BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Usajili wa alama ya biashara hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kila miaka 10. Badiliko dogo huombewa marekebisho. Likigeuza sura ya alama, wasilisha ombi jipya na ya zamani uendelee kuilinda. Kama una alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), waoneshe lebo mpya mapema.

Hatari kubwa siku mfuko mpya unapotoka ni mteja kudhani umemletea feki. Wiki mbili kabla, wapelekee wenye maduka mfuko wa mfano. Kwa miezi mitatu ya kwanza, mfuko mpya ubebe picha ndogo ya ule wa zamani na maneno "Sura mpya, unga ule ule". Kuta ziache mwisho, na zipakwe kiangazi, kati ya Mei na Oktoba; rangi iliyopakwa ukutani kukiwa na unyevu wa masika hubanduka.