Somo: Kupunguza besi iliyozidi kwenye amplifaya ya gitaa ya valvu iliyofanyiwa marekebisho

Ndugu wanachama, somo hili limetokana na amplifaya ya kwaya moja ya Ujiji iliyoletwa kwenye kibanda changu hapa Mwanga, Kigoma, ikiwa na malalamiko kwamba gitaa la solo linameza kinanda na sauti za waimbaji. Uzi mnene wa E ulipopigwa kwa nguvu, sauti ilitoka kama uji mzito usiokorogwa, na noti iliyofuata ilichelewa kusikika. Nilipofungua boksi nikakuta fundi aliyetangulia alikuwa muungwana: kapasita zote alizozitoa alizifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuzibandika ndani. Kwenye kathodi (mguu wa valvu unaotoa elektroni) ya valvu ya kwanza alitoa mikrofaradi 0.68 akaweka 100, na kati ya hatua za mwanzo za kukuza sauti alitoa nanofaradi 4.7 akaweka 100, kwa imani kwamba kapasita kubwa ndiyo bora.

Jambo la kushika ni kwamba besi hupunguzwa kabla sauti haijaanza kukwaruza. Noti za chini za gitaa ndizo zenye mawimbi makubwa, kwa hiyo zikiachwa zipite zote katika hatua ya kwanza ya kukuza sauti, ndizo zitakazoijaza hatua ya pili na ya tatu ya kukuza na kuzivuruga noti nyingine zote. Ukishafika hapo, kupunguza besi mbele ya safari ni sawa na kuchuja chai iliyokwisha kuungua. Ikumbukwe pia kwamba amplifaya ya Bassman ya kampuni ya Fender ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ambayo Marshall wa London waliifuata kwa karibu walipoanza kutengeneza amplifaya mwaka 1962, ilikusudiwa gitaa la besi, na kathodi yake ya kwanza ilikuwa na mikrofaradi 250. Mafundi wengi wanaiga michoro ya ukoo huo bila kujiuliza ilichorwa kwa ajili ya nani.

Hatua ya kwanza: hakikisha kosa ni la amplifaya. Iinue kutoka sakafuni uiweke juu ya kiti, uitoe kwenye kona ya chumba, kisha piga tena. Kona na sakafu ya saruji huongeza besi, na nimewahi kumrudisha mteja nyumbani kwa dawa hiyo peke yake.

Hatua ya pili: usalama, na hapa naomba msiruke mstari. Ndani ya amplifaya hizi kuna volti 300 hadi 450 za umeme mnyoofu, nazo hubaki ndani ya kapasita kubwa hata baada ya plagi kuchomolewa. Chomoa plagi, chukua rezista ya kiloomu 10 ya wati 5 yenye vibanio viwili vilivyofunikwa vizuri, unganisha kati ya chanya ya kila kapasita kubwa na chasisi kwa muda wa sekunde kumi au zaidi, halafu pima kwa multimita mpaka usomaji ukaribie sifuri. Usibadilishe kifaa chochote amplifaya ikiwa imewashwa, wala usiiwashe bila spika, kwa maana transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na kuipata nyingine huku ziwani ni safari.

Hatua ya tatu: chora ulichokikuta. Andika thamani ya kila kapasita na kila rezista kuanzia tundu la gitaa hadi valvu za mwisho. Alama 104 ni nanofaradi 100, 223 ni 22, 103 ni 10, 472 ni 4.7 na 222 ni 2.2.

Hatua ya nne: kapasita ya kathodi ya valvu ya kwanza. Kapasita hii huiongezea valvu nguvu ya kukuza sauti katika masafa inayoweza kuyapitisha; ikiwa ndogo, noti za juu hukuzwa kikamilifu, ilhali za chini hukuzwa kwa karibu nusu. Katika hatua ya kawaida ya kukuza yenye valvu ya 12AX7, ambayo wengine wanaijua kama ECC83, yenye rezista ya anodi (mguu ambako sauti iliyokuzwa hutokea) ya kiloomu 100 na ya kathodi ya kiloomu 1.5, ukuzaji hushuka kutoka takribani mara 60 hadi takribani mara 32, yaani desibeli 6 hivi, na hauzidi kushuka hapo. Ndiyo maana ninaanza na kapasita hii: hata ukikosea, hutaiua besi yote.

Wengi hukosea hesabu yake kwa kutumia rezista ya kathodi peke yake. Valvu nayo ina ukinzani wake, ambao kwenye kathodi huonekana kama kiloomu 1.6 hivi na huhesabiwa sambamba na rezista, kwa hiyo zile kiloomu 1.5 zinageuka kuwa kama omu 775. Kwa ukinzani huo, mikrofaradi 25 hufikia hezi 8, yaani chini ya hapo ndipo besi huanza kupungua, ambazo hakuna gitaa linalozifika, mikrofaradi 4.7 hufikia hezi 44, 2.2 hufikia hezi 93, na 1 hufikia hezi 205. Uzi mnene wa gitaa, ukiwa umetyuniwa kawaida, uko kwenye hezi 82. Sasa mtaona kwamba kutoka mikrofaradi 25 kwenda 100 sikio halipati chochote, bali kutoka 0.68 kwenda 25 ndiko kunakofungua mlango wa besi. Ninapendekeza muanze na 2.2, msikilize, kisha mshuke hadi 1 ikiwa bado nzito. Kapasita ya volti 25 inatosha, chanya ikielekea kwenye kathodi.

Hatua ya tano: kapasita kiungo, ile inayopeleka sauti kutoka anodi ya valvu moja hadi gridi (mguu unaopokea sauti) ya inayofuata. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya 159,000 kwa kiloomu zilizozidishwa na nanofaradi, utapata hezi. Kwa rezista ya gridi ya megaomu 1, yaani kiloomu 1,000, nanofaradi 22 hutoa hezi 7, 4.7 hutoa hezi 34, 2.2 hutoa hezi 72, na 1 hutoa hezi 159. Tofauti na kathodi, hapa besi huendelea kupungua kadiri unavyoshuka, kwa hiyo nenda taratibu.

Lakini kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa, ya kuichukia nanofaradi 100 mahali hapa. Gitaa likipigwa kwa nguvu, gridi ya valvu inayofuata huanza kupitisha mkondo, na kapasita kiungo hujaa chaji ambayo baadaye haina njia ya haraka ya kutokea isipokuwa kupitia rezista ya gridi. Nanofaradi 100 kwa megaomu 1 huhitaji sehemu ya kumi ya sekunde kupunguza sehemu kubwa ya chaji hiyo, na muda wote huo valvu imezibwa nusu, ilhali nanofaradi 4.7 huhitaji chini ya milisekunde 5. Ule uchelewaji wa noti niliousema mwanzoni ulikuwa huu. Kwa mpigaji wa rumba, ambaye kwenye seben anamwaga noti kama mvua ya masika, huo ni ugonjwa wa kumkatisha tamaa kabisa.

Kapasita kiungo iwe ya volti 400 au zaidi. Mimi hupendelea 630. Ukikosa 4.7 dukani, unganisha mbili za nanofaradi 10 kwa mfululizo, utapata 5, na mbili za 4.7 zitakupa karibu 2.35. Bodi za televisheni za zamani zinazo nyingi, ila zipime kwanza.

Hatua ya sita: badilisha moja, funga, piga, andika. Kwenye amplifaya ya Ujiji nilirudisha nanofaradi 4.7 na kuweka mikrofaradi 1 kwenye kathodi yenye kiloomu 2.7, nikaishia hapo. Kapasita zinazopeleka sauti kwenye valvu za mwisho sikuzigusa.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kibirizi: Shikamoo mwalimu. Kwa nini nisizungushe tu kitufe cha besi hadi sifuri?

Marahaba. Inategemea kitufe kiko wapi kwenye mchoro. Katika amplifaya nyingi za Fender kiko baada ya hatua ya kwanza, kwa hiyo kitasaidia kwa kiasi. Katika zile za mtindo wa Marshall kiko baada ya hatua nyingi za kukuza, na besi inapokifikia imekwisha kuvuruga mambo. Ukizungusha hadi sifuri na mkwaruzo mzito ukabaki, umepata jibu.

Mwanachama wa Kasulu: Fundi, nimeweka mikrofaradi 1 kama ulivyosema. Kanisani ni nzuri sana, ila nyumbani kwa sauti ndogo inasikika nyembamba.

Kaka, sikio la binadamu hupoteza besi sauti inapokuwa ndogo, kwa hiyo unachosikia ni cha kweli. Acha ile 1 mahali pake, kisha ongeza mikrofaradi 22 sambamba nayo kupitia swichi. Weka rezista ya megaomu 1 kati ya miguu miwili ya swichi ili kapasita ibaki na chaji na swichi isipige mlio.

Mwanachama wa Mwandiga: Yangu inavuma kwa sauti nzito hata gitaa likiwa limechomolewa. Nipunguze kapasita zipi?

Usipunguze yoyote, ndugu yangu. Huo ni mvumo wa umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ukishanyooshwa kwa mawimbi yote mawili huacha mtetemo wa hezi 100, ambao kapasita kubwa za usambazaji umeme zilipaswa kuumeza. Zikizeeka, zinashindwa. Zikague kama zimevimba au zimevuja, na uzibadilishe kwa zenye volti zilezile au zaidi.

Mwanachama wa Ujiji: Kwaya yetu hutumia amplifaya hiyohiyo kwa gitaa la besi siku za mkesha. Bado itafaa?

Uzi wa chini wa gitaa la besi uko kwenye hezi 41, na marekebisho haya yanaanza kupunguza sauti juu kabisa ya hapo. Itasikika, lakini haitakuwa na kifua. Fungeni swichi niliyomweleza ndugu wa Kasulu, na mpiga besi asiifungue sauti hadi mwisho, kwa sababu spika ya gitaa haikutengenezwa kwa misukumo mirefu ya namna hiyo na karatasi yake itachanika.