Pima umbali kwa mwangwi: kihisi cha kwanza cha gari linalojiendesha

Gari linalojiendesha huona kwa kamera, rada, laida (kihisi kinachopima umbali kwa mwanga wa leza) na vihisi vya mawimbi ya sauti. Anza na hivi vya mwisho, vile vidude vya mviringo kwenye bampa vinavyomlilia dereva akirudi nyuma. Ni bei nafuu, na kanuni yake ndiyo ya laida nyingi: tuma wimbi, ngoja lirudi, pima muda.

Hatua ya 1: Vifaa. Arduino Uno 1 (bodi ndogo ya kielektroniki inayoendesha programu yako), kihisi cha sauti HC-SR04 1, bredibodi (ubao wa kuunganishia bila kulehemu), nyaya 4 za jampa, kebo ya USB na tepu ya kupimia. Maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue, Nairobi, huuza karibu vyote.

Hatua ya 2: Nyaya. Kihisi kina pini nne: VCC (umeme) iende 5V, GND (ardhi) iende GND, Trig (ya kutuma sauti) pini 9, Echo (ya kupokea mwangwi) pini 10. Ukitumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, badala ya Arduino, usichomeke Echo moja kwa moja. Inatoa volti 5, na pini za Pi zinahimili 3.3 tu, kwa hiyo utaiunguza. Weka rezista ya kiloomu 1 kati ya Echo na pini, na ya kiloomu 2 kutoka kwenye pini hiyo hadi GND.

Hatua ya 3: Programu. Washa Trig kwa mikrosekunde 10, kisha uizime. Kihisi kitatoa mipigo 8 ya kilohezi 40, sauti ambayo sikio la mtu halisikii. Soma muda ambao Echo inakaa imewaka kwa pulseIn, amri ya Arduino ya kupima muda huo, ukiiwekea kikomo cha mikrosekunde 30,000. Ngoja milisekunde 60 kabla ya kupima tena, la sivyo mwangwi wa zamani utachanganyika na mpya.

Hatua ya 4: Hesabu. Zidisha muda kwa kasi ya sauti, kisha ugawe kwa 2, maana sauti imekwenda na kurudi. Kasi hiyo ni mita 331.3 kwa sekunde, ongeza 0.606 kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Mwinuko wa Nairobi haukusumbui. Kinachokusumbua ni joto. Asubuhi ya Julai yenye nyuzi 15 na mchana wa Februari wenye nyuzi 28 hutofautiana kwa takriban asilimia 2.3, yaani karibu sentimita 7 kwenye umbali wa mita 3.

Hatua ya 5: Sifuri. Hapa ndipo miradi mingi huharibika. Mwangwi usiporudi, pulseIn hurudisha 0. Ukiiingiza kwenye hesabu, programu itadhani kuna ukuta puani. Ukiitupa tu, itadhani njia ni nyeupe. Zote mbili ni hatari. Ipe hali yake yenyewe, "sijui", na gari likikutana nayo mara 3 mfululizo lipunguze mwendo hadi kihisi kingine kithibitishe.

Jionee mwenyewe. Simamisha kadibodi wima sentimita 100 kutoka kwenye kihisi: utapata takriban mikrosekunde 5,800. Sasa igeuze pembeni nyuzi 45. Sauti inaruka kando na huenda usipate kitu. Irudishe ilivyokuwa, kisha uifunike kwa sweta nene la sufu. Umbali ni uleule, lakini sufu inameza sauti na vipimo vinaanza kukatika. Mtu aliyevaa koti zito anaweza kupotea vivyo hivyo mbele ya kihisi.

Hatua ya 6: Kusafisha vipimo. Chukua vipimo 5 vya mwisho visivyo "sijui", vipange kwa ukubwa, tumia cha katikati. Wastani haufai, kwani kipimo kimoja cha ovyo huuvuta wote. Ukiwa na vihisi viwili, viwashe kwa zamu. Vikilia pamoja, kimoja kitasikia mwangwi wa mwenzake.

HC-SR04 hufika mita 4 tu, na gari la kilomita 50 kwa saa humaliza umbali huo kwa sekunde 0.29. Ndiyo maana vihisi hivi ni vya kuegesha. Barabarani kazi hiyo hubebwa na rada, ambayo ukungu na mvua haviisumbui sana, na kamera, ambayo hutambua mtu wa koti zito lakini hupofushwa na jua la jioni ukielekea Kangemi kwa Waiyaki Way. Kwa mradi huu, kihisi cha pili kizuri ni kile kidogo cha leza, VL53L0X, kinachofika takriban mita 2 ndani ya nyumba. Sweta lililomeza sauti hurudisha mwanga wake vizuri likiwa la rangi nyeupe. Jeusi hukipunguzia umbali.