Jinsi ya kusoma hesabu za pembeni kwenye Biblia ya Kiebrania

Mwanafunzi wangu alinitumia picha ya ukurasa wa kwanza wa BHS (Biblia Hebraica Stuttgartensia, toleo la kitaalamu la Biblia ya Kiebrania): "Mwalimu, hivi vidudu vya pembeni ni nini?" Ni Masora. Wanakili wa Kiyahudi waitwao Wamasoreti, hasa wa mji wa Tiberia huko Galilaya, walihesabu maneno na kuziandika hesabu pembeni, ili atakayenakili baadaye asije "akasahihisha" neno ambalo halina kosa.

Hatua ya 1. Pata BHS ya karatasi. Inafuata Kodeksi ya Leningrad, kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono Misri karibu mwaka 1008. Programu nyingi za simu huondoa Masora yote. Ziache kwa kazi ya kutafuta maneno tu.

Hatua ya 2. Ukiona kiduara juu ya neno, tazama pembeni mstari uleule. Kikikaa kati ya maneno mawili, noti inahusu maneno yote mawili.

Hatua ya 3. Herufi yenye nukta juu ni tarakimu: bet 2, gimel 3, yod 10. Lamed yenye nukta ikiwa peke yake, isome "leit": neno halipatikani pengine kwa umbo hilo.

Hatua ya 4. Hakiki hesabu. Hapa ndipo watu wanapokesha bure. Chukua "bereshit" ("hapo mwanzo"), Mwanzo 1:1. Noti inasema neno liko mara 5, na 3 kati ya hizo ni mwanzo wa aya. Ukitafuta nomino "reshit" ("mwanzo") utapata lundo la aya, uone kama Wamasoreti walikosea. Hawakukosea. Wanahesabu umbo kamili, pamoja na kiambishi chake na irabu zake. Tafuta hivyo, utabaki na Mwanzo 1:1 na Yeremia 26:1, 27:1, 28:1 na 49:34. Zile mbili za mwisho, neno liko katikati ya aya, kwa hiyo 3 imetimia.

Bado hesabu inagoma? Soma noti hadi mwisho: huenda inahesabu Torati pekee, au tahajia pekee ("male" ni kamili, yenye herufi ya kuonyesha irabu; "haser" ni pungufu, isiyo nayo). Na usiseme "kodeksi inasema" kwa kutazama BHS tu. Gérard Weil, mhariri wa Masora ya BHS, alizisawazisha noti hizo na kuongeza nyingine, kwa hiyo fungua picha za kodeksi yenyewe kwanza.

Hatua ya 5. Ukikuta herufi qof chini ya neno la pembeni, hilo ndilo la kusomwa kwa sauti. Ndani ya aya konsonanti zimeachwa zilivyorithiwa, zikavishwa irabu za neno la pembeni. Jaribu Mwanzo 8:17.